Bima wanakuja kukagua mkataba baada ya wiki tatu: mngeanza na nini?

Kaunta_Umoja

Wadau, habari za jioni. Nasimamia famasia ndogo hapa Umoja. Tuko watatu kwenye kaunta, na mmoja ni lokamu (wa kushikilia zamu kwa muda) wa Jumamosi na Jumapili. Tuna mkataba na kampuni mbili za bima. Moja imeandika barua kwamba baada ya wiki tatu watakuja kuona kama tunafuata mkataba: leseni, madai ya malipo tuliyotuma kwao kwa miezi sita (watachagua wenyewe yapi), ankara za ununuzi, jedwali la joto la friji, rejista ya dawa zinazodhibitiwa, malalamiko ya wateja na utunzaji wa siri za wagonjwa.

Hali halisi ni hii. Leseni ziko sawa. Madai ya kampuni hiyo ni kama 380. Karatasi kadhaa za daktari ni picha za WhatsApp tulizochapisha. Friji ni ya kawaida ya nyumbani, na jedwali lake lina mapengo, hasa wikendi. Dawa zikiisha tunakopa kwa kemisti jirani na kurudisha mzigo ukifika, bila maandishi.

Sitaki kumaliza wiki tatu nikipanga rafu na kusugua sakafu halafu nianguke kwenye makaratasi. Mngeanza na nini?

Hesabu_za_Dawa

Daktari, anza na madai, friji ifuate. Mkaguzi wa bima si mkaguzi wa Bodi ya Famasia na Sumu, ile ya serikali inayosimamia famasia. Yule wa bodi anataka kujua nani anauza, anauza nini, na kama dawa ni salama. Huyu wa bima ana swali moja linalorudi kwa sura nyingi: nilicholipia, mwanachama wangu alikipata?

Toa madai 40 mwenyewe kabla yake, na usijichagulie mazuri. Chukua 10 ya bei ya juu kabisa, 10 ya maradhi ya kudumu (sukari, presha, pumu), 10 ya dawa za maji za watoto, na 10 ya wikendi za lokamu. Kila dai lipangie karatasi nne mezani: agizo la daktari, fomu ya dai yenye sahihi ya mgonjwa, risiti iliyotoka kwenye kompyuta, na ankara mliyonunulia dawa hiyo. Fuata mstari mmoja mmoja: jina na nambari ya mwanachama, tarehe, dawa na nguvu yake, kipimo, siku, idadi, bei, sahihi.

Penye kuangusha watu ni idadi. Amoksilini 500 mg mara tatu kwa siku 7 ni vidonge 21. Dai likisema 30, hivyo 9 havina daktari. Metformini 500 mg mara mbili kwa siku 30 ni 60. Kama pakiti zenu ni za 28 na mgonjwa alipewa mbili, dai ni 56, na kwenye agizo muandike kwamba alipewa 56. Dawa ya maji ya 5 ml mara tatu kwa siku 5 ni 75 ml, yaani chupa moja ya 100 ml. Chupa mbili za 100 ml hazina maelezo. Inhela yenye mivuto 200, ikitumika mivuto miwili asubuhi na miwili jioni, hukaa siku 50. Ikidaiwa kila siku 30 kwa mtu yuleyule, kompyuta yao imeshaiona kabla hawajavuka barabara kuja kwenu.

Insulini iangalie kwa jicho tofauti, maana hapo hesabu tupu hudanganya. Chupa ya 10 ml yenye yuniti 100 kwa kila ml ina yuniti 1,000. Mgonjwa wa yuniti 24 kwa siku angeitumia siku 41, lakini chupa nyingi zikishafunguliwa hutupwa baada ya siku 28. Kwa hiyo chupa moja kila wiki nne ni halali kabisa, ila sababu iandikwe kwenye agizo siku ileile, pamoja na ukurasa wa maelezo ya mtengenezaji kwenye faili. Mkaguzi asiye mtu wa dawa atapiga 1,000 gawanya kwa 24 na kukuandikia kosa.

Kuna kosa moja ambalo kampuni nyingi hazilisamehi: daktari kaandika dawa ya jina la kampuni, ninyi mkatoa jenari (dawa ileile isiyo na jina hilo la kampuni), dai likaenda kwa bei ya ile ya kwanza. Dawa iliyotoka mlangoni ndiyo inayodaiwa. Ukibadilisha, andika jina la ulichotoa juu ya agizo, mtoaji asaini, na mgonjwa awe ameambiwa. Kinyume chake nacho kina mtego. Mgonjwa akikataa jenari na kuongeza tofauti mfukoni mwake, mpe risiti ya hizo pesa na ubaki na nakala. Bila risiti itaonekana mnawatoza wanachama juu ya mkataba.

Picha za WhatsApp: fungua mkataba usome kifungu cha maagizo kabla ya kufanya lolote. Mikataba mingine inakubali picha mradi karatasi yenyewe ifuate ndani ya siku fulani, mingine haikubali kabisa. Ziorodheshe zote, piga simu kliniki zilizoandika, uombe nakala yenye mhuri. Mhuri uwe wa tarehe ya leo. Nakala iliyopigwa mhuri leo kwa agizo la Machi ni ushahidi wa kawaida. Mhuri wa Machi uliopigwa leo ni kughushi, na hapo hatuongei tena habari za mkataba.

Stoo_na_Mizani

Naongeza kwenye la kukopa, kwa sababu naona wengi wanaliona dogo. Baada ya madai, mkaguzi mzoefu atachagua dawa tano au sita zinazotembea sana na kukufanyia hesabu hii: stoki ya mwanzo, jumlisha mlizonunua, toa stoki ya mwisho, sawa na zilizotoka.

Tuseme amlodipini 5 mg. Mwanzo wa kipindi mlikuwa na vidonge 120, mkanunua 900, leo rafuni kuna 150. Zilizotoka ni 870. Sasa jumlisha mauzo: bima ya kwanza 540, bima ya pili 210, taslimu 180. Jumla 930. Vidonge 60 vimeuzwa ambavyo havijawahi kununuliwa. Wewe unajua ni pakiti mbili za 30 kutoka kwa jirani. Yeye anaona madai ya dawa ambayo haikuwepo.

Fanyeni hesabu hiyo wenyewe kwa dawa 10 kabla ya kulala na furaha ya yale madai 40. Kabla hujashtuka na tofauti, angalia vipimo vya kuingizia: mmoja wenu anaandika strip (kipande chenye vidonge kadhaa), mwingine vidonge, na kompyuta inajumlisha tu. Halafu angalia zilizoharibika na zilizoisha muda. Hizo zikitupwa bila kuandikwa, upungufu unatokea upande wa pili na unaonekana kama wizi wa ndani.

Ya nyuma mtayafanyaje? Jirani aangalie kama kuna alama yoyote kwenye kompyuta yake, mkopo au uhamisho wa stoki, akupe nakala. Kama hakuna, andika maelezo ya ukurasa mmoja: dawa gani, kiasi gani, mlikopa lini na mlirudisha lini. Usimwombe akutengenezee ankara ya nyuma. Ankara ya eTIMS (mfumo wa ankara za kodi) ina tarehe na saa ambayo KRA, mamlaka ya kodi, waliipokea; itakuumbua yenyewe.

Ya mbele ni rahisi: acheni kukopa, nunueni. Jirani akuuzie kwa ankara, hata kama ni kwa bei aliyonunulia. Mkishindwa kabisa, wekeni daftari lenye tarehe, dawa, nguvu, bechi (nambari ya toleo la kiwandani), tarehe ya kuisha muda, idadi, aliyetoa, aliyepokea, na siku ya kurudisha. Bechi ndiyo safu ambayo watu huiacha wazi. Bodi ikitangaza bechi fulani irudishwe, iliyokuja kwa mkopo hamtajua mlimpa nani.

Mbili_hadi_Nane

Friji ya nyumbani inaweza kukupitisha au kukuangusha, inategemea unavyoitumia. Kinachotakiwa ni digrii 2 hadi 8, na kipimajoto kinachokumbuka juu kabisa na chini kabisa. Kile cha kuonyesha sasa hivi peke yake hakisaidii. Saa tisa usiku hakuna mtu wa kukisoma.

Kichwa cha kipimajoto kiwe rafu ya katikati, ndani ya kichupa cha maji kilichozibwa, ili kisiruke kila mlango ukifunguliwa. Mlangoni usiweke dawa. Masanduku yasiguse ukuta wa nyuma, maana friji hizi huganda pale nyuma hata kama katikati panasoma 4. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama mpya. Chakula cha wafanyakazi kitoke leo, si siku ya ukaguzi.

Soma mara mbili, mkifungua na mkifunga. Andika ya sasa, ya juu, ya chini, kisha futa kumbukumbu ya kipimajoto. Wengi husahau kufuta, kwa hiyo jedwali linaonyesha 9.4 wiki nzima kwa sababu ya mlango mmoja ulioachwa wazi Jumatatu. Ikitoka nje ya 2 hadi 8, andika pembeni: saa ngapi, kwa muda gani, dawa zipi, mlimpigia nani, uamuzi gani. Jedwali lenye 4, 4, 4, 4 kwa miezi sita, kalamu moja, mwandiko mmoja, ni baya kuliko lenye mapengo.

Kujaribu kipimajoto: bilauri ya barafu iliyopondwa, maji kidogo, koroga, ngoja dakika tano, kisome. Kikiwa mbali na 0 kwa zaidi ya nusu digrii, nunua kingine. Ila hilo halichukui nafasi ya cheti. Maabara ya Shirika la Viwango Kenya pale Popo Road, South C, hupima na kutoa cheti. Ulizeni mapema, wiki tatu zinaisha upesi.

Stima kukatika: jaribuni Jumapili moja. Toa dawa, ziweke kwenye boksi la baridi lenye kipimajoto chake, na vile vipande vya barafu vifungwe kitambaa visiguse dawa. Weka chupa za maji ndani ya friji mahali pa dawa, ngoja zipoe, chomoa, soma kila dakika 15 bila kufungua mlango. Muda hadi kufika 8 ndio muda wenu wa kuamua. Uandikeni kwa kalamu nene ubavuni mwa friji, chini yake nambari ya simu ya mtu mwenye jenereta au friji ya akiba. Kifaa cha kulinda friji stima inaporudi kwa kishindo si anasa mtaani kwetu. Na swichi yake ya ukutani izibwe kwa utepe, maana anayepiga deki huhitaji pa kuchomeka redio.

Joto la dukani nalo wanaliangalia, na watu hutundika kipimajoto karibu na feni. Kitundike mahali penye joto kuliko pote, kwa kawaida rafu ya juu karibu na dirisha, ukisome saa nane mchana.

Kaunta_Umoja

Asanteni sana, hili la vidonge 60 limenitoa usingizi. Maswali mawili. Mapengo ya wikendi kwenye jedwali la friji, tujaze kwa wastani wa Ijumaa na Jumatatu? Na lokamu: yeye huingia kwa nenosiri langu kwa sababu mfumo wa madai ulisajili jina langu tu. Ni tatizo?

Mama_Rejista

Usijaze. Pengo ni uzembe, kulijaza ni uongo. Piga mstari kwenye siku zilizokosekana, andika "haikusomwa", weka sahihi na tarehe ya leo. Kama kipimajoto kilishika kumbukumbu ya juu na chini hadi Jumatatu, usomaji wa Jumatatu unafunika wikendi nzima, na hilo unaweza kulitetea.

La nenosiri ni kubwa kuliko unavyodhani. Kila dai lina saa yake. Wataweka orodha ya zamu kando ya madai, waone wewe umetoa dawa Jumapili saa nne asubuhi ilhali zamu inasema ulikuwa mapumzikoni. Au wasione zamu kabisa, waamini unafanya kazi siku saba kwa wiki, miezi sita. Andikia kampuni ya bima leo, kabla ya ukaguzi, uombe lokamu asajiliwe kwa jina lake. Faili yake iwe na leseni ya mwaka huu ya kufanya kazi, nakala ya kitambulisho, barua ya makubaliano, na daftari la kuingia na kutoka. Kumbuka leseni za bodi huisha 31 Desemba, kwa hiyo miezi sita ikivuka mwaka mpya unahitaji za miaka yote miwili, yake, yako na ya jengo.

Rejista ya dawa zinazodhibitiwa: kurasa ziwe na nambari, kila dawa na nguvu yake ukurasa wake, salio liandikwe kila mstari. Kosa linapigwa mstari mmoja, libaki linasomeka, sahihi na tarehe pembeni. Wino mweupe wa kufutia usiwe hata kwenye droo. Kesho asubuhi hesabuni kilichomo kabatini watu wawili pamoja mkilinganishe na salio. Ikipungua hata kidonge kimoja, andikeni siku hiyohiyo mliyogundua na mfuatilie. Funguo zikae kwa mtu, si nyuma ya kalenda.

Zilizoisha muda: sanduku la kufungwa, mbali na rafu, maandishi makubwa "HAZIUZWI", na orodha yake ndani: dawa, bechi, idadi. Hazitupwi kwenye taka ya kaunti wala chooni. Kuziharibu kuna utaratibu wa bodi, na ule waraka wa mwisho unaoonyesha zimeharibiwa uweke pamoja na orodha.

Malalamiko: mkiwa na daftari tupu, hakuna atakayeamini. Andikeni hata madogo, kama mteja aliyekosa chenji au aliyepewa lebo isiyosomeka, na mlifanya nini. Madhara ya dawa yanaripotiwa bodi kwa fomu ya njano, ubora mbaya kwa fomu ya waridi. Watu huzichanganya.

Siri za wagonjwa nimeacha mwisho ila ndipo maduka mengi hujikwaa mbele ya mkaguzi mwenyewe. Yeye ana haki ya kuona madai ya wanachama wake. Hana haki ya kuona ya bima ile nyingine wala ya wateja wa taslimu. Ukimpa faili moja iliyochanganya wote, umevunja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 akiwa anakutazama. Tenganisha sasa. Kwa hesabu ya stoki mpe jumla tu, bila majina. Na mjisajili kwa Kamishna wa Data hata kama duka ni dogo. Ule msamaha wa wafanyakazi chini ya 10 na mauzo yasiyofika milioni 5 hauwagusi wanaohudumia wagonjwa. Cheti chake ni cha miezi 24, kiangalieni tarehe. Zile karatasi za daktari zilizomo kwenye simu za wafanyakazi zihamishwe kwenye kompyuta ya duka, kisha zifutwe simuni.

Mkataba_Kwanza

Mimi natofautiana kidogo na mnaosema andika maelezo ya kila kitu. Makosa ya pesa, ndiyo: ukigundua madai matatu yamezidi, yaandikie kampuni kabla hawajafika na uombe yakatwe kwenye malipo yajayo. Aliyejitaja na aliyekamatwa hawaandikwi ripoti moja. Lakini usimwekee mkaguzi kitabu cha dhambi mezani. Maelezo ya mikopo na ya mapengo yawe tayari kwenye faili, ayapate akiuliza.

Siku yenyewe aseme mtu mmoja. Meza, kiti, soketi, na pasiwe mbele ya kaunta wagonjwa wakisikia. Muombe kitambulisho na barua. Karatasi halisi zisitoke dukani. Atoe nakala, na kila nakala iandikwe kwenye orodha mnayosaini wote wawili. Lokamu naye aelezwe, maana wapo wakaguzi wanaorudi Jumamosi bila kubisha hodi.

Sasa kifungu ambacho karibu hakuna anayekisoma: urejeshaji wa pesa. Angalia kama mkataba unawaruhusu kukuza makosa ya sampuli hadi madai yote. Tuseme wamekagua 40, wakakuta 4 yenye kosa la shilingi 600 kila moja. Hiyo ni 2,400. Wakikuza, asilimia 10 ya 380 ni madai 38, yaani 22,800. Kama kifungu hakipo, wanakata 2,400 basi. Kama kipo, uliza sampuli ilichaguliwaje. Ikiwa walilenga madai ghali, hayo hayawezi kusemea yale mengine yote, omba sampuli ya bahati nasibu. Uulize hilo mwanzoni wakati wanachagua, siyo baada ya ripoti kutoka.

Mwishoni watakupa fomu usaini. Sahihi ya kukiri umeipokea na sahihi ya kukubali yaliyomo ni vitu viwili. Andika "nimeipokea, majibu yatafuata", tarehe na saa.

Kaunta_Umoja

Mkataba wetu una kifungu hicho, ukurasa wa 11, na hakisemi sampuli inachaguliwaje. Niwaandikie sasa au ningoje siku yao?

Mkataba_Kwanza

Sasa. Barua pepe fupi, maswali mawili: madai mangapi yatakaguliwa, na yatachaguliwaje. Ombi la kumsajili lokamu alilokuambia Mama_Rejista litume peke yake, lisichanganywe na hili. Ukiyaweka pamoja watajibu la lokamu na kunyamazia la sampuli.